Pesa ya Sabuni

Kwenye dirisha la hazina ya uzeeni
karani aliniuliza kazi yangu.
Nikatazama pangaboi likizunguka juu ya kipara chake
kana kwamba jibu limefungwa kule.

"Nalea."
"Walea nani?"
"Watoto wa mwanangu."
Akaweka kalamu chini.
"Mama, hiyo ni kazi?"

Basi nikamhesabia. Saa kumi na moja alfajiri
Swafiya huniletea wawili, mmoja begani bado yu usingizini,
mwingine kashika kiatu kimoja, cha pili hakijulikani kiliko,
naye hukimbilia zamu ya bohari kule Changamwe
hajapiga hata funda la chai.
Mimi huanza: uji, matandiko yaliyoloa,
Tariki asiyekula yai mpaka liitwe jicho la ng'ombe,
Nawali na jino lake, na homa yake ya Jumanne,
na usingizi wa adhuhuri ambao hauji
mpaka nimkune mgongo, taratibu, upande wa kushoto tu.
Magharibi ikiadhiniwa ndipo mikono yangu huwa yangu.

Mwisho wa mwezi simu hulia. Elfu sita.
Na neno lake ni lile lile: "Mama, ya sabuni."
Miaka mitatu sasa, ya sabuni.
Ningefulia sabuni yote hiyo
Majengo nzima ingeng'aa.

Si kwamba ana roho mbaya. Ni haya.
Kwetu mtu hasemi namlipa mama;
mama hulipwa dua, hulipwa leso ya Idi.
Na mimi vilevile, Bi Mwanamisi akiniuliza ukutani
hujibu, "Nakaa nao tu,"
kana kwamba kuna mtu aliyewahi kukaa
na mtoto wa miaka miwili ndani ya nyumba.

Lakini nilimwona dadangu Khamisa.
Alilea watoto wa ukoo, kumi na wanne,
wengine leo wana magari yanayofunga vioo vyenyewe.
Alipoishiwa nguvu walimletea machungwa.
Machungwa mazuri.
Mwenye nyumba hakuyataka.

Nilipomwambia Swafiya, alinyamaza
muda wa kukunja nepi tatu.
"Kwa hivyo niandikwe mwajiri wako?
Watu watasema nimemfanya mama yaya."
Nikamwambia, lete karatasi yako ya mshahara.
Nikaweka kidole pale penye makato:
"Huyu hapa ni bibi kizee atakayeitwa Swafiya.
Wamlisha kila mwezi.
Wangu mie analala njaa."

Mumewe, mtu wa hesabu, akadakia,
"Andika ulianza zamani, miaka iwe mingi. Nani atajua?"
Nikamwambia mtoto wa uwongo sijamlea,
simjui hata unyayo.
Hiyo miaka ya nyuma ipo, ila si ya fomu.
Swafiya mwenyewe nilimbeba mgongoni
nikikaanga bajia Mwembe Tayari,
mafuta yakamrukia sikioni, alama iko hadi leo.
Huo ulikuwa umama, siutozi.
Huu wa sasa ni umama pia,
lakini una saa ya kuingia.

Karani alikuwa bado ananitazama.
Nyuma yangu foleni ilianza kukohoa.
Kisha akainama karibu na kioo, sauti imeshuka:
"Wangu mimi analelewa na mamangu, kule Tudor.
Yeye naye… anaweza?"

"Unamlipa?"

Akakuna shingo.
"Ya mboga," akasema.

Akachomoa fomu mbili.
Moja akaisukuma kwangu,
nyingine akaikunja akaitia mfuko wa shati.
Penye kazi niliandika MLEZI,
herufi ya kwanza ikatoka kubwa, ikapita mstari.
Penye mapato, elfu sita kwa mwezi.
Sabuni sikuitaja.